Mwongozo kamili wa mfamasia wa hospitali Uganda: dirishani, wodini na stoo

Mwongozo huu ni wa mfamasia kijana aliyemaliza mwaka wake wa mafunzo kazini na kupangiwa hospitali ya wilaya, wa watoa dawa watakaosimama naye dirishani, na wa mwanafunzi wa Makerere au Mbarara anayetaka kujua kazi ikoje baada ya mtihani wa mwisho. Nauandika kwa Kiswahili kwa sababu huku mipakani ndicho kinachotuokoa: Wakongo wanaotoka makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, wachuuzi wa Arua, madereva wa malori wa Malaba na Busia, askari na familia zao. Daktari ataandika kwa Kiingereza, lakini mgonjwa atameza kwa maelezo uliyompa wewe.

Msimamo wangu utauona kila hatua: karatasi ya daktari haisomwi peke yake. Isome pamoja na mwenyewe aliyeileta, uzito wake, tumbo lake, dawa zilizo kwenye mkoba wake. Mfamasia anayeisoma karatasi tu amefanya nusu ya kazi, na makosa mengi yamejificha kwenye hiyo nusu ya pili.

Kabla ya kufungua dirisha

Anza na friji. Soma joto, liandike, kisha lisome tena jioni. Linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8. Oksitosini iliyokaa kwenye joto hupungua nguvu bila kubadilika rangi wala harufu. Mkunga ataichoma akiamini anazuia damu, na damu itaendelea kutoka. Umeme ukikatika, friji isifunguliwe ovyo. Umeme ukichelewa kurudi, hamishia dawa kwenye sanduku la baridi lenye barafu, ukitenganisha vichupa na barafu yenyewe, maana insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka. Pita pia wodi ya wazazi uangalie oksitosini yao imewekwa wapi. Mara nyingi utaikuta juu ya trei tangu jana.

Kisha kagua haraka dawa za kuokoa maisha: artesuneti ya sindano kwa malaria kali, vidonge vya malaria, magnesiamu salfeti ya kifafa cha mimba, amoksilini ya watoto, ORS na zinki, dripu. Zilizoisha na zinazokaribia kuisha ziandike ubaoni, na nakala wapelekee madaktari kabla ya raundi. Hatua hii ni ya dakika chache na inapunguza foleni ya watu wanaotumwa dirishani kufuata dawa ambayo haipo.

Kupokea karatasi

Hospitali nyingi za serikali, mgonjwa wa nje huja na daftari la shule ambamo kila mtabibu ameandika. Wengi wetu tunasoma ukurasa wa leo tu na kumrudishia. Funua kurasa za nyuma. Utakuta mtoto huyu alipewa antibayotiki hiyohiyo wiki mbili zilizopita kwa kikohozi hichohicho, na pengine hicho kikohozi kinataka kipimo cha kifua kikuu. Utakuta mama aliandikiwa dawa ya presha mwezi wa tatu na leo hakuna aliyemuuliza kama bado anaimeza. Ukurasa wa nyuma ni rekodi pekee uliyo nayo, nayo imeletwa mpaka mkononi mwako.

Kwenye ukurasa wa leo, soma kwa mpangilio uleule kila mara ili mazoea yakulinde siku ya foleni ndefu: jina na umri, uzito, ugonjwa ulioandikwa, kisha kila dawa na nguvu yake, njia ya kuitumia, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Malizia na tarehe na sahihi. Dawa isiyolingana na ugonjwa wowote ulioandikwa ni swali la kumuuliza mtabibu. Mwandiko usiosomeka ni swali pia. Usikisie jina la dawa kwa kuona herufi mbili za mwanzo.

Kwa mtoto, uzito ndio unaoamua. Weka mizani karibu na dirisha, na kama uzito haukuandikwa, mpime. Tuseme ana kilo 12 na ameandikiwa parasetamoli ya maji. Kwa miligramu 15 kwa kila kilo, anahitaji 180. Chupa nyingi zina miligramu 120 ndani ya mililita 5, kwa hiyo dozi yake ni mililita 7.5. "Kijiko kimoja" ni kidogo kwake, na "vijiko viwili" ni kingi. Kwa artemetha na lumefantrini, ile ambayo wengi huiita Coartem, mtoto huyo anaingia kwenye kundi la kilo 5 hadi chini ya 15: kidonge kimoja kwa dozi. Kuanzia 15 hadi chini ya 25 ni viwili, 25 hadi chini ya 35 ni vitatu, 35 na zaidi ni vinne. Jedwali hili libandike ukutani, upande wako wa dirisha.

Maswali ambayo karatasi haiyajibu

Yapo manne, na yote yaulizwe kwa sauti ya chini. Je, ni mjamzito au ananyonyesha? Kuna dawa iliyowahi kumdhuru? Anameza dawa gani nyingine? Ana ugonjwa wa muda mrefu, kama kisukari, presha, figo au ini?

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko swali lenyewe. "Unameza ARV?" ikisikika mpaka kwenye benchi imeshamharibia mtu siku, na pengine ndoa. Uliza: "Kuna dawa unazomeza kila siku nyumbani?" Atakujibu, au atakuonyesha kopo. Kama dirisha lako halina faragha, omba kona, hata ikiwa ni pazia tu. Nasisitiza hili kwa sababu mgonjwa asiyejisikia salama atakuficha jambo lilelile ulilohitaji kulijua.

Dawa za kienyeji ziulize bila kukunja uso. Mululuza, yale majani machungu, kwa ajili ya malaria, na mumbwa, udongo uliochanganywa na mitishamba, kwa wajawazito ni vitu vya kawaida nchini. Ukimkaripia leo, kesho hatasema. Uliza pia kuhusu duka la dawa, maana wengi hupita huko kwanza, wakapewa nusu dozi ya antibayotiki au sindano isiyo na jina.

Majibu haya yanabadilisha kazi. Mjamzito anayemeza Septrin kila siku kwa sababu ya VVU hapewi Fansidar ya kuzuia malaria kliniki, kwa kuwa zote mbili ni za salfa na madhara yanaongezeka. Mzee mwenye figo dhaifu asiongezewe diklofenaki kwa kuwa tu goti linamuuma. Ninajua watu wetu wanaipenda sindano, na wapo wanaoona hawajatibiwa bila hiyo, lakini figo haitarudi kwa sababu mgonjwa aliondoka ameridhika.

Kuandaa na kuandika bahasha

Soma jina la dawa mara tatu: unapoichukua rafuni, unapohesabu, unapoirudisha. Hesabu kwa trei na kisu chake, si kwa vidole. Kopo moja tu liwe wazi mezani kwa wakati mmoja. Dawa zenye majina au makopo yanayofanana zitenganishe rafuni, hata kama alfabeti inaziweka pamoja. Mtu mwingine akague kabla haijatoka. Kama uko peke yako, iweke pembeni, fanya jambo lingine kidogo, kisha irudie kwa macho mapya.

Bahasha iwe na jina la mgonjwa, jina la dawa na nguvu yake, idadi, na maelezo. Ule mtindo wetu wa kuandika "2×3" na kumaliza uachwe. Kuna anayesoma vidonge vitatu mara mbili, na kuna anayesoma vidonge viwili kwa siku tatu. Andika "vidonge 2 asubuhi, 2 mchana, 2 usiku, siku 5". Kwa asiyesoma, chora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, na chini ya kila mchoro weka vistari kulingana na idadi ya vidonge.

Kukabidhi

Hapa ndipo dawa inapokuwa tiba au inapokuwa hasara, na hapa ndipo foleni inakushawishi ukimbie. Usikimbie. Chukua mfano wa mama mwenye yule mtoto wa kilo 12 mwenye malaria.

Dozi ya kwanza itolewe hapohapo, mbele yako, kwa maji safi. Kidonge cha kawaida ukisage kwenye kijiko. Kile cha watoto kinayeyuka chenyewe kwenye maji. Tazama saa. Kama ni saa nane mchana, dozi ya pili ni baada ya muda wa saa nane, yaani saa nne usiku. Baada ya hapo ni asubuhi na jioni kwa siku mbili. Jumla dozi sita. Dawa hii hufyonzwa vizuri ikiandamana na mafuta kidogo: maziwa, mchuzi wa karanga, kipande cha chapati. Ziwa la mama pia linafaa. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi, halafu aje achukue nyingine ili zisipungue.

Ukishaeleza, usimuulize "Umeelewa, mama?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa heshima. Mwambie akueleze yeye:

"Mama, leo usiku utampa nini?"

"Kidonge kimoja."

"Saa ngapi?"

"Saa nne, kabla sijalala."

"Na kesho akiamka amechangamka, anacheza?"

"Nitaacha, nitunze zilizobaki za mdogo wake."

Hilo jibu la mwisho ndilo ulilokuwa unalitafuta. Bila swali la tatu usingelisikia, na mtoto angerudi na homa. Mweleze kwamba wadudu waliobaki damuni hawaonekani kwa uchangamfu wa mtoto, kisha muulize tena. Halafu mtajie dalili za kumrudisha usiku huohuo bila kungoja kuche: degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kunywa, kupumua kwa shida, kulegea au kulala asiamke vizuri.

Kuna maelezo mafupi yanayookoa safari ndefu. Anayeanza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, aambiwe mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Asipoambiwa ataona damu, na ataacha dawa. Anayeanza insulini na hana friji nyumbani, mfundishe kuweka kichupa ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini, kikiwa kimefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Anayetumia dawa ya presha ajue kwamba kutosikia maumivu hakumaanishi amepona.

Dawa isipokuwepo

Ada kwenye vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, isipokuwa kwenye wodi za binafsi. Mgonjwa anakuja akitarajia dawa, na siku nyingine rafu ni tupu. Usimwambie "Nenda kanunue" ukafunga dirisha.

Andika jina halisi la dawa, la kikemia, ili asiuziwe chapa ya bei kubwa bila sababu. Kama ameandikiwa dawa nne na mfuko unatosha moja, mwambie ukweli ni ipi ya kununua kwanza. Orodha ya taifa ya dawa muhimu inagawa dawa kwa uzito wake: zile ambazo bila hizo mtu anakufa, zile za lazima, na zile zinazoweza kusubiri. Mgao huo utumie dirishani, usiishie kwenye karatasi za oda. Mzazi anayeacha amoksilini ya nimonia akanunua vitamini na dawa ya kikohozi hakukosa akili. Alikosa mtu wa kumwelekeza.

Angalia pia kama kuna mbadala ndani ya stoo, kisha mpigie mtabibu akubali mabadiliko. Usibadilishe dawa kimyakimya. Na dawa zenye chapa ya Serikali ya Uganda, ambazo haziuzwi, zihesabu kila siku, maana kopo linalopotea leo ndilo utakaloonyeshwa dukani mjini kesho.

Kuingia wodini

Hospitali nyingi za wilaya zina mfamasia mmoja, na nyingine hazina hata huyo. Kishawishi ni kubaki stoo mwaka mzima. Panga asubuhi fulani za wiki, mwachie mtoa dawa dirisha, ingia wodini. Anza na watoto na wazazi, kwani huko kosa dogo la dozi lina gharama kubwa zaidi.

Fika kabla ya raundi, chukua chati za matibabu, pita kitanda kwa kitanda. Tazama uzito, mzio, dawa mbili za aina moja zilizoandikwa na watu wawili, sindano ambayo mgonjwa angeweza kumeza kidonge, na siku ngapi antibayotiki imekwenda. Halafu angalia visanduku vitupu kwenye chati, ambavyo nesi hakuvitia alama. Kisanduku kitupu cha saa mbili usiku kina sababu yake: nesi alikuwa peke yake na wagonjwa arobaini, dawa haikuwepo, au ndugu alitumwa kununua na hakurudi. Muulize sista kwa upole, na muulize anayemuuguza mgonjwa, ambaye ndiye aliyelala chini ya kitanda na anajua kila kilichotokea usiku.

Artesuneti inastahili usimame mezani na sista muichanganye pamoja. Kichupa cha unga wa miligramu 60 kinaongezwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti iliyokuja nayo. Tikisa mpaka kiwe angavu; kikibaki na ukungu, kitupwe. Kwa kuchoma kwenye mshipa, ongeza mililita 5 za salini au za dekstrosi ya asilimia 5. Sasa una mililita 6, na kila mililita ina miligramu 10. Maji ya sindano hayatumiki hapa. Mtoto wa chini ya kilo 20 hupata miligramu 3 kwa kilo, na kuanzia kilo 20 ni 2.4. Kwa kilo 12 ni miligramu 36, yaani mililita 3.6, zichomwe polepole. Kilichobaki kimwagwe baada ya saa moja. Hiki ndicho kinachowauma wengi, kutupa dawa nzuri, lakini ikichelewa huharibika. Dozi zinazofuata ni saa 12 na saa 24 baada ya ile ya kwanza, kisha mara moja kwa siku. Akiweza kumeza, baada ya angalau dozi tatu hizo, apewe vidonge vya malaria vya siku tatu kamili. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayosahaulika siku ya kuruhusiwa, na ni yako kuikumbusha. Shehena mpya ikifika, soma maelezo ya pakiti kabla ya kuigawa, kwa sababu watengenezaji hutofautiana katika vimiminika vya kuchanganyia.

Kwa wodi ya wazazi, andaa kisanduku cha kifafa cha mimba na ukikague kila wiki. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 5 kila tako. Ile ya asilimia 50 ina gramu 5 ndani ya mililita 10, kwa hiyo gramu 4 ni mililita 8. Ziongezee mililita 12 za maji ya sindano upate 20, zichomwe polepole. Hesabu hii iandike ndani ya kifuniko, kwa herufi kubwa, maana saa tisa usiku mama akitetemeka hakuna anayekumbuka hesabu. Ndani mwake weka pia kalsiamu glukoneti gramu 1, ambayo ndiyo dawa ya kurudisha pumzi magnesiamu ikizidi. Kabla ya kila dozi inayofuata, mkunga apime pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti liitikie likigongwa, na mkojo uwe unatoka.

Potasiamu kloridi kali iondoe kwenye rafu za wodi. Ikichomwa moja kwa moja bila kuchanganywa inasimamisha moyo, na kichupa chake kinafanana na vingine.

Antibayotiki ni mada pana, niseme mambo mawili tu. Seftriaksoni imekuwa jibu la kila homa kwenye wodi zetu, wakati WHO imeiweka kwenye kundi la kutumiwa kwa uangalizi. Baada ya saa 48, uliza: majibu ya maabara yanasemaje, je, mgonjwa anaweza kumeza, tunaendelea kwa sababu gani? Na kwa mtoto mchanga wa chini ya siku 28, seftriaksoni na dripu yenye kalsiamu, kama Ringa, havikutani kamwe. Jentamaisini nayo inataka figo nzima. Kemikali za maabara zikiwa zimeisha, mkojo wa mgonjwa bado unaweza kuupima.

Kifua kikuu na VVU kwa mtu mmoja

Mgonjwa mmoja ana makopo kutoka kliniki mbili, na hakuna aliyeyaona yote mezani pamoja. Yaweke pamoja wewe.

Rifampisini inaharakisha ini kuondoa dolutegraviri, dawa ya VVU. Mgonjwa wa kifua kikuu aliye kwenye vidonge vya TLD (tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri ndani ya kidonge kimoja) anahitaji dolutegraviri miligramu 50 ya ziada, saa 12 baada ya TLD, mpaka wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Mwonyeshe makopo yote mawili na saa zake. Rifampisini hudhoofisha pia vijiti vya uzazi wa mpango, kwa hiyo mwanamke aelekezwe kliniki kabla hajashangazwa na mimba. Isoniazidi ifuatane na vitamini B6 ili miguu isianze kuwaka moto. Vidonge vya chuma na kalsiamu hunasa dolutegraviri tumboni: mjamzito avimeze pamoja na chakula, au ameze dolutegraviri saa mbili kabla au saa sita baada yake.

Kumwambia daktari

Ukiona kosa, mwendee mwenyewe, si mbele ya mgonjwa, na uende na pendekezo. "Dokta, mtoto wa kitanda cha sita ana kilo 9, na seftriaksoni imeandikwa gramu 1 mara mbili. Napendekeza kati ya miligramu 450 na 720 mara moja kwa siku. Kama unafikiria homa ya uti wa mgongo, tufike 900." Umempa uzito, tatizo na njia ya kutokea. Akikubali, arekebishe chati yeye mwenyewe na kutia sahihi. Akikataa na unaona hatari ni ya kweli, usitoe dawa. Mpigie aliye juu yake, na uandike mlichosema. Heshima haikuzuii kusimama imara.

Mofini

Uganda ni nchi ambayo wengine huja kujifunza juu ya jambo hili. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilisimamia utengenezaji wa mofini ya maji kutokana na unga, na tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Kwa hiyo kuiona karatasi ya nesi yenye mofini kusikushtue. Hakikisha tu ana mafunzo hayo.

Kabati lifungwe, daftari lijazwe kila mililita inapotoka, chupa tupu zirudi. Kwa mgonjwa, eleza ameze kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu, na dozi ya kulala iwe mara mbili ili asiamke usiku. Soma nguvu iliyo kwenye chupa mara mbili, kwa sababu chupa hutofautiana mara kumi na zaidi. Dawa ya kulainisha choo itoke siku hiyohiyo. Familia zikiambiwa "mofini ni ya kufa", kaa nao ueleze. Mzee wa saratani anayelia usiku kucha huku chupa iko kabatini ni aibu yetu sote.

Siku ya kuruhusiwa

Linganisha mambo matatu: dawa alizokuja nazo, alizopewa wodini, anazoondoka nazo. Kila moja iwe na neno: endelea, acha, badilisha. Dawa ya presha iliyosimamishwa kwa sababu ya upungufu wa maji inarudishwa lini? Aliyechomwa artesuneti aambiwe pia kwamba katika wiki nne zijazo akiona mkojo mweusi, macho ya njano au uchovu mkubwa, arudi apimwe damu. Andika yote kwenye daftari lake, kwa mwandiko unaosomeka, ili mtabibu wa kituo cha kijijini ajue.

Madhara ya dawa

Ngozi ikibabuka na midomo kuota vidonda baada ya Septrin, simamisha dawa, mwite daktari, kisha jaza fomu ya kuripoti kwa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Huhitaji kuwa na uhakika, shaka inatosha. Fomu inataka mgonjwa, dawa na namba ya toleo lake, kilichotokea, na wewe uliyeripoti. Uganda iliingia kwenye mpango wa WHO wa ufuatiliaji wa usalama wa dawa mwaka 2007, na faida yake ilionekana pale watabibu wa Kampala walipotoa taarifa za sukari kupanda kwa baadhi ya waliohamishiwa dolutegraviri. Sasa tunajua kuuliza kiu na mkojo mwingi, na kupima sukari. Hayo yote yalianza na mtabibu aliyeandika alichokiona.

Oda

Hospitali za serikali huletewa dawa na Bohari ya Taifa, NMS, kila baada ya miezi miwili, na zile za makanisa hutegemea zaidi Joint Medical Store ya Nsambya. Oda mbaya utailia miezi miwili, kwa hiyo ifanye kwa utulivu.

Kosa la kawaida ni kusahau siku ambazo dawa haikuwepo. Tuseme amoksilini ilitoka vidonge 18,000 katika siku 60, lakini kwa siku 15 stoo ilikuwa tupu. Ukigawa kwa miezi miwili utapata 9,000 kwa mwezi, nawe utaagiza upungufu uleule kwa mikono yako. Gawa kwa siku 45 zilizokuwa na dawa: 400 kwa siku, 12,000 kwa mwezi. Zidisha kwa miezi 4 ya akiba, 48,000, toa 6,000 zilizopo, agiza 42,000. Kama kuna mzigo uliokwisha kuagizwa na haujafika, utoe pia. Tazama msimu: mvua zikianza, malaria haitafuata wastani wako.

Mzigo ukifika, hesabu mbele ya dereva, linganisha na hati, andika tarehe ya kuisha muda kwenye kadi ya stoo, na zinazoisha mapema ziwekwe mbele ili zitoke kwanza. Zile ambazo huwezi kuzimaliza kabla ya tarehe, zipigie simu hospitali za jirani na vituo vya chini zikiwa zimebaki na miezi kadhaa. Kuhamisha dawa kati ya vituo kunahitaji kibali na maandishi pande zote mbili. Anza nayo mapema.